Mlango Mbele ya Potopoto

Mjomba wangu alipewa filimbi na serikali, na tangu siku hiyo akaona hana haja ya kufikiri. Hivyo ndivyo nilivyopenda kusema nyumbani kwetu Bigo, mtaa wa mji wa Bunia, na rafiki zangu walicheka kila mara. Alikuwa shefu wa kijiji kimoja upande wa barabara ya Gety, ndugu ya mama yangu, mtu mfupi mwenye kifua cha jogoo. Kila Jumamosi asubuhi alisimama juu ya kichuguu mbele ya nyumba yake, amevaa abakosti, koti lisilo na tai, ya rangi ya majivu iliyopauka mgongoni, kola imefungwa mpaka kooni kama walivyovaa wakubwa siku zile, anapuliza. Hakupuliza mara moja kama mtu mwenye habari ya kutoa. Alipuliza mpaka mbuzi wakamjibu.

Hiyo ilikuwa salongo. Waliokuwa wazima mwisho wa miaka ya sabini hawahitaji kuelezwa. Ilikuwa kazi ya pamoja, kazi ya nchi, bila malipo, na tuliimbiwa sana uzuri wake na watu ambao mikono yao haikujua jembe. Asiyefika kwenye salongo alitoa kuku, na kuku huyo alikwenda kwa shefu. "Kuku ya maendeleo," alisema mjomba bila aibu. Uwanja wake ulikuwa na maendeleo mengi ya kila rangi, yakiparua ardhi na kunya barazani.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa chuo kikuu, masomo ya jamii, na chuo kilikuwa kimefungwa kama kilivyozoea kufungwa. Nilirudi Bigo na sanduku la vitabu na jozi moja ya viatu. Kwa wiki mbili nilibishana na baba yangu juu ya bei ya chumvi, juu ya misa, juu ya picha ya Rais iliyotundikwa dukani mwake. Baba alikuwa mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, mtu asiyependa maneno yasiyouzwa. Asubuhi moja aliniambia:

"Enda kwa yaya yako. Kule utabishana na mihogo."

Yaya ni dada yangu mkubwa. Aliolewa katika kijiji kile kile alikozaliwa mama, kwa ukoo mwingine, na mwaka ule alikuwa na mimba ya tatu. Kila mtu alijua hesabu ya mimba zake na hakuna aliyeitaja. Kati ya kijiji na barabara kubwa kulikuwa na bonde lenye mafunjo na tope jeusi, ambalo watu waliliita potopoto tu, kana kwamba duniani hakuna potopoto nyingine. Wakati wa kiangazi ulivuka kwa kurukaruka kwenye vichaka vya nyasi. Wakati wa mvua maji yalifika kiunoni. Mtoto wa kwanza, wanaume wanne walimbeba yaya kwenye tipoi, kiti cha miti kinachobebwa mabegani. Mmoja aliteleza katikati ya maji, na mtoto alizaliwa kwenye mafunjo bila kulia. Mtoto wa pili walimzungusha yaya mlimani, safari ya nusu siku, na mtoto alizaliwa majanini akaishi mpaka saa sita mchana. Hospitali ya Bunia walimwambia kwamba ndani yake kuna mahali pembamba, na kwamba wa tatu lazima azaliwe penye daktari na kisu.

Kwa hiyo tulipanga hivi: mimba ilikuwa ya baada ya Pasaka. Wiki mbili kabla ya Pasaka, mvua kubwa ikiwa bado haijaanza, ningemleta yaya Bigo kwa miguu yake mwenyewe, polepole, naye angesubiri nyumbani kwa mama. Ndiyo kazi niliyopewa, na ndiyo sababu pekee iliyonifanya nimvumilie mjomba wangu kuanzia Noeli.

Nilipofika nilikuta kijiji kinafanya barabara. Mjomba alikuwa amepata amri, au labda wazo, maana kwake vilikuwa kitu kimoja: gari lazima lifike kijijini. Na alikuwa ameigawa kazi kwa njia ya zamani, ile iliyoachwa na wakoloni Wabeleji, watu wakaifanya desturi yao: kila mtu mbele ya mlango wake. Nyumba yako inatazama barabara, basi unalima kipande kilicho mbele yako, kutoka mpaka wa jirani huyu hadi mpaka wa jirani yule, na hapo unasimama. Huweki jembe lako kwenye kipande cha mwingine. Si uvivu. Katika kijiji kile, majirani hufagia na kulima mbele ya mlango wa mtu siku moja tu, siku ya msiba wake. Ukifanya hivyo naye yuko hai, umemwombea kifo mchana kweupe.

Matokeo yake ungepaswa kuyaona. Mzee mmoja aliyependa heshima alipanua kipande chake mpaka magari mawili yangepishana mbele ya nyumba yake. Jirani yake, mjane, alilima upana wa baiskeli. Mfereji wa huyu ulimwaga maji kwenye kipande cha yule. Katekista alipanda maua pande zote mbili. Ilikuwa barabara iliyoshonwa kwa viraka, na mjomba alipita juu yake kila jioni, mikono nyuma, akikagua kama jenerali.

Siku moja niliandamana naye mpaka mwisho. Barabara ilishuka vizuri hadi kwenye mafunjo, ikakoma. Ng'ambo, kwenye mteremko wa pili, niliona udongo mwekundu mpya ukiendelea hadi barabara kubwa, maana kule pia kulikuwa na nyumba.

"Mujomba, na hapa?"

"Hapa wapi?"

"Hapa. Mu maji."

"Hapa haiko mutu."

"Njo minauliza. Nani atafanya?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona kipofu akitafuta taa. "Univerisite," alisema, na hilo lilikuwa jina langu kijijini kwa sababu yake, "weye unaona nyumba hapa? Mulango iko wapi? Nitapigia nani filimbi? Vyura?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hakuelewa kwa nini. Barabara nzima ilikuwa inahitajika kwa sababu ya mahali pale pamoja, na mahali pale pamoja ndipo palipoachwa, kwa utaratibu, kwa adabu, kwa kufuata sheria. Nilimwandikia rafiki yangu mmoja barua ya kurasa nne kuhusu jambo hilo. Niliiona kama zawadi.

Mwezi wa pili wakubwa walikuja kutoka Bunia kuifungua. Walikuja na Landrova mbili kutoka upande wa barabara kubwa, wakateremka mpaka ukingoni mwa potopoto, wakasimama. Wananchi walikuwa upande wetu, wamejipanga tangu alfajiri, wanawake wamevaa vitenge vya namna moja, wanacheza animasyo, ngoma ya chama, na kuimba sifa. Kati yao na wakubwa kulikuwa na mafunjo, tope na ndege weupe. Hakuna aliyeonekana kuona jambo la ajabu. Utepe ulikatwa kule. Hotuba ilisomwa kule kwa bomba la kupazia sauti, ikatufikia nusu nusu, "maendeleo" na "sitwaye", yaani mwananchi, na "jasho", na kila upepo ulipoleta neno, wanawake walipiga vigelegele. Kisha mjomba aliitwa apokee pongezi. Vijana wawili walimbeba mabegani akavuka, amenyanyua miguu ili viatu visilowe. Alirudi vile vile, na karatasi yenye muhuri menoni mwake.

Mchana tulikunywa pombe ya mahindi uwanjani kwake, na karatasi ilipita mkono kwa mkono. Wengi waliishika juu chini. Ilipofika kwangu niliisoma kwa sauti. Ilimshukuru shefu kwa "kutoa kijiji chake katika upweke". Sikuweza kunyamaza, na kwa kweli sikujaribu.

"Shefu," nilisema, wala sikumwita mujomba, "umefanya barabara ya kupeleka batu mpaka mu potopoto. Yaya yangu atazalia wapi? Juu ya hii karatasi?"

Yaya alikuwa amekaa na wanawake, miguu imenyooshwa, mikono juu ya tumbo. Alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Nilikuwa nimelitaja lile lisilotajwa, na nilikuwa nimelitaja ili nishinde mabishano.

Mjomba alichukua karatasi yake, akaikunja mara nne.

"Unasema potopoto haina mulango."

"Ni weye ulisema, mwezi iliyopita."

"Njo," alikubali. "Mimi nilisema." Akaendelea kunywa.

Jumatatu alianza kuvunja nyumba yake.

Ilikuwa nyumba pekee yenye mabati kijijini. Alipanda juu mwenyewe, akang'oa bati moja moja. Akang'oa miti. Mwisho akang'oa mlango, na hapo watu waliacha mihogo yao wakaja kutazama, kwa maana ule mlango ulijulikana mpaka Gety: mbao nene nyekundu za msituni, zilizopakwa rangi ya kijani, na kufuli iliyonunuliwa Bunia. Wake za watu walikuwa wakiusifu kuliko walivyomsifu yeye. Vyote vilibebwa kuteremka bondeni, na ukingoni mwa potopoto, mahali ambapo hata ng'ombe hawakulala, alisimamisha nyumba ile upya, mlango ukitazama maji.

Watu walisema amerogwa. Mkewe alikuwa na maoni mengine, na aliyatoa kwa sauti kutoka juu hadi chini ya mteremko, kikapu kichwani.

"Batu benye akili wanahama kukimbia mbu! Huyu anahama kuzifuata!"

"Mama, beba kidogo kidogo," mjomba alimjibu.

"Nitabeba kidogo, nitatukana mingi!"

Mimi nilikuwa na nadharia. Niliieleza barazani kwa yaya, sokoni, na njiani kwa mtu yeyote aliyekosa pa kukimbilia: shefu anahamia pale ili aweke kizuizi. Gari likianza kupita, litapita mlangoni mwake, na kila gari litaacha kitu. Kuku wa salongo walikuwa mwanzo tu. Watu walinisikiliza kwa adabu. Niseme mapema kwamba nadharia yangu ilikuwa sahihi: mwaka uliofuata kizuizi kiliwekwa, mti mrefu wenye jiwe upande mmoja, na mjomba akawa anaunyanyua kwa uso wa afisa wa mpaka. Kwa hiyo sina cha kujutia katika nadharia.

Jumamosi ya kwanza baada ya kuhama, alipuliza filimbi. Kijiji kizima kilishuka na majembe, kikasimama mbele ya nyumba mpya, mikono kifuani. Katekista ndiye aliyesema, kwa upole, kama anasoma waraka:

"Shefu, hii potopoto iko mbele ya mulango yako."

"Minaona."

"Siye tukigusa, ni kama tunakuombea kufa."

"Mimi ninawapa ruhusa."

"Mutu hawezi kutoa ruhusa ya kifo yake, Shefu."

Na wakarudi nyumbani. Nilifurahi siku nzima. Walikuwa wamemfunga kwa kamba yake mwenyewe, bila kitabu, bila chuo, na hakukuwa na kuku hata mmoja wa kudai, kwa sababu wote walikuwa wamefika.

Kwa hiyo alifanya kazi peke yake na watu wa nyumba yake: mkewe na binti wawili waliobaki nyumbani. Alivua abakosti. Nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa na fulana iliyotoboka, mzee tu, mifupa ya mabega inaonekana. Alikata mikaratusi yake aliyoipanda akiwa kijana, akailaza kwa mapana juu ya tope, kisha wakamwaga udongo mwekundu kwa vikapu. Udongo ulizama. Wakamwaga tena. Tuta lilikwenda kwa kiwango cha hatua mbili au tatu kwa siku, na siku nyingine halikwenda.

Ukimtoa yaya na mimba yake, kulikuwa na mtu mwingine mmoja tu aliyeruhusiwa kugusa kipande kile. Kwa desturi ya kwao mama, mtoto wa dada ni mtu wa nyumba ya mjomba: anaingia bila kubisha, anachukua kuku bila kuomba, na anaweka jembe popote mjomba anapoweka lake. Kijiji kizima kilijua hivyo. Mjomba hakunikumbusha. Nilikwenda mwenyewe kumweleza kwa nini sitafanya. Nilimwambia kwamba kazi ya bure inaficha wizi. Kwamba kuna mahali fulani ofisini fedha za tuta hili zimekwisha kuliwa. Kwamba kila mti anaoulaza pale ni risiti anayowaandikia wezi. Nilisema vizuri. Aliendelea kuchonga ncha ya gogo.

"Iko kweli," alisema mwishowe. "Sasa ile muti iko pale. Beba huku unaeleza."

Sikubeba. Siku moja nilimkuta yaya akishuka mteremko na kikapu cha mawe kichwani, tumbo mbele. Nilimpokea kikapu kwa hasira, nikamwambia ana wazimu, nikakiweka chini kando ya njia. Hapo ndipo nilipokiweka: kando ya njia, hatua ishirini kutoka kwenye tuta. Alikitazama, akanitazama, akapanda kurudi nyumbani. Kikapu kilikaa pale siku tatu mpaka mke wa mjomba alipokichukua.

Wiki ya tatu kabla ya Pasaka, Alhamisi, siku ya soko, tuta lilikuwa karibu kufika ng'ambo. Katikati palibaki kama hatua kumi na tano ambapo miti ilikuwa imelazwa lakini udongo bado. Mbingu ilikuwa safi, tope limekauka juu. Mnunuzi wa maharage, rafiki wa baba, alifika na kigari chake cha Toyota kama kila wiki, akasimama ng'ambo kusubiri watu wamvushie magunia. Mjomba alitoka na filimbi akamwita kwa mikono miwili. Yule alisita, akashuka, akapiga teke miti, akapanda tena. Gari lilivuka likinesanesa, na mjomba akarudi kinyumenyume mbele yake akipuliza kana kwamba ndiye anayelivuta kwa pumzi. Watu waliacha soko. Ilikuwa mara ya kwanza gari kuingia kijijini. Watoto walilinusa. Mimi nilisema kwamba gari moja wakati wa jua si barabara.

Saa nane mvua ilikuja kutoka upande wa ziwa, mapema kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Na yaya, aliyekuwa akipepeta maharage barazani, aliweka ungo chini akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mudogo yangu, ni sasa."

Tulikuwa tumepanga kuondoka Jumatatu. Mtoto hakuulizwa.

Tulimlaza juu ya magunia, chini ya turubai, mumewe akimshika mabegani. Mnunuzi wa maharage hakusema neno juu ya mzigo wake wala njia. Tulishuka kwenye barabara ya viraka, tukateleza kwenye kipande cha mjane, tukapita maua ya katekista. Tulipofika bondeni potopoto ilikuwa imeamka. Maji yalikuwa yanapita juu ya tuta, na kule katikati miti isiyo na udongo ilikuwa imeanza kuachana. Dereva alifanya ishara ya msalaba, akaingia. Magurudumu ya mbele yalipita. La nyuma upande wa kulia lilizama mpaka kwenye ekseli.

Niliruka chini. Watu walikuwa wametufuata, wanaume thelathini au zaidi, wamesimama ukingoni mvuani. Niliwapigia kelele waje wasukume. Hawakuja. Walimtazama mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni mwake na fulana yake. Hata siku ile, hata na yaya akilia chini ya turubai, kati yao na maji kulikuwa na mlango ule wa kijani. Labda wangeingia dakika moja baadaye. Sitaki kuwatukana kuliko wanavyostahili. Lakini ile dakika ilikuwepo, na mimi nilikuwa ndani yake, nimezama mpaka magotini, nikiwaeleza ujinga wao.

Sauti ya yaya ilitoka juu ya magunia.

"Weye unaongea sana! Sukuma!"

Nilisukuma. Peke yangu, nilikuwa kama nzi mgongoni mwa ng'ombe. Ndipo niliposikia mbao zikilia. Mjomba alikuwa ameingiza shoka kwenye bawaba. Aling'oa ya juu, akang'oa ya chini, akajitwika mlango mgongoni, akaingia majini ameinama kama kobe. Aliusukuma chini ya gurudumu, upande wa kufuli mbele. Kisha alisimama, akageukia watu, na kuonyesha kwa shoka nyumba yake iliyobaki na tundu jeusi.

"Sasa munaona mulango? Iko wapi mulango? Hii potopoto haiko yangu tena! Ni ya batu yote! Muingie!"

Na akapuliza filimbi. Waliingia wote kwa mara moja, kama ng'ombe waliofunguliwa, na nikasikia miili ikinibana pande zote, harufu ya tope na pombe, mtu fulani akinikanyaga. Gurudumu lilishika ule mlango, likaupasua, likapanda. Gari lilitoka ng'ambo likiyumba. Nilipanda nyuma bila kiatu cha kushoto. Tulifika Bunia kabla giza halijaingia, na usiku huo huo yaya alipasuliwa. Mtoto ni msichana. Alilia kabla hata hawajamwosha, na mama, aliyekuwa nyuma ya mlango wa hospitali, alilia naye kwa muda mrefu zaidi.

Watu wameniuliza mara nyingi kama mjomba alifikiri, siku ile, kwamba akiondoa mlango atawafungulia watu njia. Yeye anasema alifikiri. Anasema alipanga tangu siku aliyohamia. Mimi namjua. Alihitaji ubao, na ubao wa karibu ulikuwa mlango. Hotuba ilimjia alipogeuka akaona tundu. Hata hivyo lazima niandike kwamba mimi pia nilikuwa nimeutazama mlango ule wiki sita, na kila siku niliona kizuizi cha barabara.

Jumamosi iliyofuata alipuliza, kijiji kikashuka, wakamwaga udongo katikati mpaka ukafika juu ya maji. Wasiofika walitoa kuku. Hakuna aliyepinga. Katekista ndiye aliyeeleza, baada ya kufikiri sana: nyumba isiyo na mlango si nyumba, kwa hiyo hakuna anayeombewa kifo.

Mwezi mmoja baadaye nilikwenda kumsalimu. Alikuwa amekaa tunduni kwenye kigoda, mbu wakimla, mkeka umetundikwa nyuma yake.

"Yaya yako hajambo?"

"Hajambo."

"Mutoto?"

"Analia sana."

"Ni wa kwenu. Na mulango yangu?"

Nilifikiri anatania. Hakuwa anatania. Mlango ulikuwa umekufa kwa ajili ya dada yangu, basi mlango ulikuwa juu yangu, mtoto wa dada, mtu wa nyumba. Baba alikubali haraka mno. Nadhani alifurahi kuona natumwa kitu chenye uzito. Seremala wa Bigo alitengeneza mwingine, wa mbao nyepesi, bila rangi. Lori lililonichukua lilikuwa linakwenda Gety, likaniacha kwenye barabara kubwa na mlango kando yangu. Niliutwika kichwani. Kila nyumba niliyopita, watu walitoka wakavua kofia.

"Pole, Univerisite. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni mlango."

"Aa. Pole tena."

Nilipofika nilikuta wazee wa kijiji wamekaa kwa shefu, na yaya kati yao na mtoto mgongoni. Walikuwa na shauri. Mlango ukirudi kutazama maji, tuta linarudi kuwa la mtu mmoja, na salongo inakufa. Basi wanamwomba shefu ageuze nyumba: azibe tundu hili, atoboe lingine nyuma, litazame mlima. Mjomba alisikiliza akishika kidevu, kama mtu anayeamua vita na amani, kisha akakubali kwa niaba ya taifa. Aliinua kidole kuelekea ukuta wa nyuma na kunitazama mimi.

Nilitoboa ukuta ule tangu asubuhi mpaka jua likapinda, kwa sururu, na udongo ukiingia kooni. Niliziba tundu la mbele kwa matofali mabichi. Yeye alikaa kwenye kigoda chake na abakosti, kola imefungwa, akiwaeleza wapita njia jinsi maendeleo yanavyoletwa. Kuku wake walikuwa wameshahamia pamoja naye. Yaya alimnyonyesha mtoto kivulini mwa mabati na hakunihurumia hata kidogo.

Nilipomaliza kufunga bawaba, mjomba aliinuka. Alifungua, akafunga, akafungua. Akapuliza filimbi, karibu kabisa na sikio langu, na mtoto akaanza kulia.

"Unaita nani?" nilimuuliza.

"Weye," alisema. "Chini inakwaruza. Randa."

Nikaung'oa mlango, nikaulaza kwenye nyasi, nikaanza kuuranda.